Kadhi, Mmisionari na Vitabu Viwili

Ukikifungua Kitabu cha Mwanzo katika Biblia ya Kiswahili, mwanamke wa kwanza anaitwa Hawa. Aliyejenga safina ni Nuhu. Aliyeambiwa aiache nchi ya baba yake ni Ibrahimu, na kijana aliyeuzwa na ndugu zake ni Yusufu. Msomaji Mkristo hayashangai majina haya, kwa kuwa ameyazoea tangu Shule ya Jumapili. Lakini mtoto wa Kiislamu wa Lamu au Bagamoyo naye ameyazoea vile vile kutoka chuoni, na huyatamka karibu sawa. Vitabu viwili, dini mbili, na majina yale yale. Kisa cha jambo hili kina tarehe yake: 8 Juni 1844, mjini Mombasa.

Siku hiyo Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa miaka 34, alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alikuwa ametumwa na Church Missionary Society, chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza. Aliyekaa naye kumwongoza alikuwa Sheikh Ali bin Mohiddin, mtu wa Barawa, aliyepata kuwa kadhi wa Mombasa.

Krapf alikuwa ameuona mwambao huu kwa mara ya kwanza miezi michache tu kabla ya siku hiyo. Alikuwa amejifunza Kiarabu, naye Sheikh, kama kadhi yeyote wa mwambao, alikuwa na Kiarabu cha vitabuni. Hapo ndipo walipoweza kukutana. Neno la Kiswahili likimshinda mgeni, jawabu lilikuwa kwa mwanachuoni. Na kadhi si mtu wa kuokoteza maneno. Kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi, mambo ambayo neno moja likikosewa, mtu hupoteza haki yake. Habari zenyewe pia hazikuwa ngeni kwake. Kuumbwa kwa Adamu, hila ya Ibilisi, gharika ya Nuhu na safari za Ibrahimu, yote hayo yanasimuliwa katika visa vya mitume, ingawa si kwa namna ile ile. Sheikh hakuhitaji kufundishwa Nuhu ni nani. Kilichotakiwa kwake ni kumwonyesha mgeni jinsi Waswahili wanavyomsimulia.

Baadaye Krapf aliihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa siku kubwa za maisha yake.

Kabla ya mgeni kufika

Tusidhani kwamba Kiswahili kilikuwa ardhi tupu iliyongoja mpanzi kutoka Ulaya. Huko Pate, mwaka 1728, Bwana Mwengo alikuwa amekwisha kutunga Utendi wa Tambuka, utenzi mrefu unaosimulia vita vya Waislamu na Warumi wa Konstantinopoli. Visa vya mitume vilikuwa na tenzi zake pia, kama Ayubu na subira yake, au Yusufu na nduguze. Tenzi hizi zilinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, zikahifadhiwa majumbani na kusomwa kwa sauti mbele ya wake kwa waume, wakiwemo wale wasiojua kusoma.

Kwa hiyo maneno ya imani yalikuwa tayari ndani ya lugha. Nabii, malaika, shetani, dhambi, toba, rehema, baraka, imani, sala na sadaka, yote yana mzizi wa Kiarabu, na yote yalikuwa yamekaa vinywani mwa Waswahili hata yakawa yao. Krapf alipoanza kufasiri hakuwa na haja ya kuunda neno la dhambi wala la toba. Aliyakuta yamekwisha kukomaa.

Kaburi la Nyali

Mombasa haikuwa shabaha yake ya mwanzo. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo, ambao alishindwa kuwafikia akiwa Uhabeshi, na sasa alitaka kuwaendea kutoka kusini. Alipofika Unguja mapema mwaka 1844 alimwendea Sayyid Said, Sultani Mwislamu wa Oman na Unguja, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani kuwa ni mtu mwema wa kusaidiwa. Kwa barua hiyo akafunguliwa milango ya Mombasa.

Alikuja na mkewe Rosine, aliyekuwa mja mzito. Mwezi Julai, wiki chache tu baada ya kazi ya Mwanzo kuanza, Rosine alijifungua mtoto wa kike huku nyumba nzima imelazwa na homa. Mama alifariki. Baada ya siku chache mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi, nusura awe wa tatu. Mama na mtoto walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi hilo lipo mpaka leo.

Mtu mwingine angepanda chombo arudi kwao. Krapf alipopata nafuu alirudi kwenye karatasi zake.

Herufi zipi?

Palikuwa na swali ambalo jawabu lake limemgusa kila mtu anayesoma ukurasa huu. Kiswahili kiandikwe kwa herufi zipi?

Mwambao ulikuwa na jawabu lake kwa mamia ya miaka, nazo ni herufi za Kiarabu. Lakini herufi hizo zilitengenezewa lugha nyingine. Kiarabu hakina p, na irabu zake fupi ni tatu, wakati Kiswahili kina irabu tano. Mwandishi wa zamani alipotaka p mara nyingi aliandika b, na alama moja ilibeba i na e. Basi neno *penda* na neno *pinda* yaliweza kuandikwa sawasawa kabisa, na msomaji akaachiwa aamue kama bwana harusi anampenda mkewe au anampinda. Mwenyeji hakusumbuka. Alijua kisa kinakoelekea, na mara nyingi alikuwa ameuhifadhi utenzi kabla hajaushika mkononi. Mgeni alisumbuka sana.

Krapf alichagua herufi za Kirumi. Ugumu huo ulikuwa sababu mojawapo. Sababu nyingine hakuificha, nayo ni kwamba aliona herufi za Kiarabu zingeipa dini ya Kiislamu njia ya kupita, ilhali za Kirumi zingewavuta watu wa huku kuelekea Ulaya na Ukristo. Herufi, kwake, zilikuwa boma. Shika jambo hilo, maana tutalirudia.

Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapishwa mwaka 1847, tena ng'ambo ya bahari, katika jarida la American Oriental Society la Marekani. Mwaka 1850 Krapf akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa, aliyoikusanya kwa miaka mingi, ilitoka London mwaka 1882, naye alikuwa amefariki Novemba mwaka uliotangulia.

Mwenzake, Johannes Rebmann, alifika mwaka 1846, wakahamia Rabai pamoja. Dunia inamkumbuka Rebmann kwa theluji ya Kilimanjaro aliyoiona mwaka 1848, na wasomi wa Ulaya wakamcheka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ni wachache wanaokumbuka kuwa alikaa Rabai hadi mwaka 1875, karibu miaka thelathini, akiandika misamiati ya lugha za huku mpaka macho yakamfa. Aliondoka Afrika akiwa kipofu. Tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili cha Mombasa ilipigwa chapa mwaka 1876, mwaka aliofariki.

Mkunazini

Kisa sasa kinavuka kwenda Unguja. Mwaka 1864 Edward Steere, Mwingereza aliyesomea sheria kabla ya kuwa padri, alifika huko pamoja na Askofu William Tozer. Walikuwa wa misheni iliyozaliwa na mwito wa David Livingstone kwa vyuo vikuu vya Uingereza, ambayo jaribio lake la kwanza, katika nchi inayoitwa leo Malawi, lilishindwa kwa homa na vifo.

Steere alikuwa na sikio la kusikiliza. Alikaa na watu wa mji, akawaacha wasimulie, akaandika. Mwaka 1870 alitoa mkusanyo wa hadithi za Waswahili, ndani yake ikiwemo ile ya Sultani Darai, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Injili ya Mathayo ilikuwa imetangulia mwaka 1869. Yaani kabla hajamaliza kuwahubiria watu wa Unguja, alikuwa amekaa chini akasikiliza hadithi zao.

Misheni ilikuwa na mtambo wake wa chapa, na waliofundishwa kuufanyia kazi walikuwa vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Hebu tuisogelee kazi yao. Herufi za chapa zilikuwa vipande vidogo vya risasi, kila kimoja na herufi yake. Kijana alisimama mbele ya kasha lenye vijumba vingi, akachomoa kimoja kimoja na kukipanga kwenye chombo alichokishika kwa mkono wa kushoto. Kila herufi ilichongwa kinyume, kama maandishi yanavyoonekana kwenye kioo, ili ikigonga karatasi isomeke sawa. Ili kupanga jina la Ibrahimu, kijana ilimpasa alisome kinyume, herufi kwa herufi, vipande vinane. Na vijana wale wengi Kiswahili hakikuwa lugha yao ya kuzaliwa. Walitekwa kutoka kwa Wayao, Wanyasa na Wamakua. Lugha ya mji uliowapokea wakiwa bidhaa ndiyo waliyoipanga kwa vidole vyao ikawa Maandiko.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, katika uwanja wa soko la Mkunazini, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindu. Inasimuliwa kuwa altare ilijengwa pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa, na kwamba saa ya mnara ilikuwa zawadi ya Sultani mwenyewe. Kiwanja cha Mhindu, saa ya Mwislamu, kanisa la Wakristo. Steere, aliyekuwa askofu tangu mwaka 1874, ndiye aliyelisimamia jengo hilo, na ndimo alimozikwa alipofariki Agosti 1882. Biblia nzima kwa Kiunguja ilitoka mwaka 1891, miaka tisa baada yake.

Biblia mbili, kisha moja

Mombasa haikukubali kusomeshwa Kiunguja. Watu wa Mvita, yaani Mombasa, walikuwa na lugha ya Muyaka bin Haji, malenga wao mkubwa, na waliiona ya Unguja kuwa ya sokoni. Kwa Mvita njia ni *ndia*, njoo ni *ndoo*, na macho ni *mato*. Mmisionari William Ernest Taylor, aliyekusanya methali na mashairi ya Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, alisimama upande wao. Kazi ya Taylor na wenzake ikazaa Agano Jipya la Kimvita mwaka 1909 na Biblia nzima mwaka 1914. Hivyo Mkristo aliyesafiri kwa jahazi kutoka Mombasa hadi Unguja aliikuta Biblia nyingine kanisani.

Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kuwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Vitabu vya shule vikafuata njia hiyo. Biblia nayo ikabidi ifuate.

Lakini kwanza likaja jaribio jingine. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani aliyefanya kazi Tanganyika, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Yeye alitaka Biblia ambayo mtu wa bara angeielewa, na akaona dawa ni kuyaondoa maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Nia yake ya kumfikiria msomaji wa bara ina heshima yake. Hesabu yake ndiyo iliyokuwa na kasoro. Maneno aliyoyaita mageni yalikuwa yamekaa katika lugha kabla babu yake hajazaliwa, na watu wa bara walijifunza Kiswahili yakiwa ndani yake. Tui likishaingia mchuzini halirudi nazini. Biblia ya Roehl ilisomwa, hasa na Walutheri, lakini njia aliyoifungua haikufuatwa.

Mwaka 1952 ilitoka Biblia iliyounganisha mapokeo ya Unguja na Mvita, inayojulikana kama Union Version, ambayo hadi leo ndiyo inayokaririwa na wengi kanisani na mazishini. Ndani yake nabii ni nabii, toba ni toba, Nuhu ni Nuhu. Baadhi ya majina yalishika njia tofauti: Biblia inasema Yesu na Yohana, Kurani inasema Isa na Yahya. Lakini maneno mengi ambayo kadhi wa mwaka 1844 angeyatambua yamebaki.

Padri na Kurani

Lakini kabla ya hapo kisa kilikuwa kimegeuka kichwa chini. Kadhi alikuwa amesaidia kuitia Biblia katika Kiswahili, na safari hii padri akaifasiri Kurani. Mwaka 1923 Godfrey Dale, padri wa misheni ile ile ya Unguja, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Hakuifanya kwa ajili ya Waislamu. Alikusudia kuwapa wahubiri wa Kikristo silaha ya kujadiliana nao, na maelezo aliyoyaongeza yanaonyesha hivyo.

Waislamu hawakupendezwa, na wala si ajabu. Wako masheikh walioshikilia kuwa Kurani haifasiriki, hufafanuliwa tu, na mwenye kuitaka ajifunze Kiarabu. Lakini kitabu kilikuwa kimekwisha kutoka, na kukaa kimya ilikuwa kumwachia mwingine akusemee. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah miaka ya 1930 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kuandika tafsiri yake, akafariki mwaka 1947 kabla haijakamilika. Mwaka 1953 Waahmadiyya walitoa tafsiri kamili chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Kaluta Amri Abedi, malenga ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Wanavyuoni wa Kisunni hawakuikubali.

Jibu lao lilitoka kwa Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwalimu na mwanahistoria wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1912. Sehemu za tafsiri yake zilianza kutoka kidogo kidogo, na mwaka 1969, akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ikatoka kamili jijini Nairobi kwa jina la Qurani Takatifu. Wasomaji walipata Kiarabu na, pamoja nacho, Kiswahili chepesi cha mwalimu aliyezoea kueleweka darasani.

Sasa turudi kwenye boma la Krapf. Kiswahili cha Sheikh Farsy kimeandikwa kwa herufi za Kirumi, zile zile alizozichagua mmisionari wa Mombasa ili kuuzuia Uislamu. Miaka 125 baada ya siku ile ya Juni, zikawa ndizo zilizompelekea Mwislamu wa Tabora, Ujiji au Kampala maana ya Kurani kwa lugha anayoiota usingizini. Na tazama jina la kitabu chenyewe. *Takatifu* ni neno la Kibantu, tena ndilo lililopigwa chapa kwenye majalada ya Biblia. Upande wa pili, Wakristo wanaiita habari njema *Injili*, neno lililowafikia kupitia Kiarabu.

Mzunguko haukuishia hapo. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi za Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, za Injili na Matendo ya Mitume. Utenzi ni mtindo uliokomaa mikononi mwa washairi wa Kiislamu wa Pate na Lamu. Mwalimu alipotafuta chombo cha kumsimulia Yesu kwa Waswahili, alikikuta kimekwisha kuchongwa.

Wapo wanaohubiri leo, msikitini na kanisani, kana kwamba lugha wanayoitumia ni mali ya upande mmoja. Mwenye kudai hivyo aviweke vitabu viwili juu ya meza moja, Biblia ya mwaka 1952 na Qurani Takatifu ya mwaka 1969, afungue kisa cha Nuhu katika kila kimoja, kisha ayahesabu maneno vinayoshirikiana. Akimaliza, na amkumbuke Sheikh Ali bin Mohiddin. Jina lake halipo kwenye jalada la kitabu chochote kati ya hivyo viwili, lakini kila Jumapili Mkristo anapolitaja jina la Hawa, analitamka kama kadhi alivyolitamka.